Kiti cha Unga

Wasichana wangu mlioirithi meza yangu pale kliniki ya Richfield, huku Amerika, pamoja na kile kiti chake kinacholalamika kila ukiinama, salamu. Mmeniomba niwaandikie niliyojifunza katika miaka ishirini na miwili ya kuwatafutia wajawazito na wazazi wapya msaada wa hapa na pale mjini. Mlitaka orodha, ukurasa mmoja tu, muibandike ukutani. Orodha sina. Nikiikumbuka kazi ile, kinachonijia kwanza ni pakiti mbili za unga wa ugali zilizofungwa mkanda nyuma ya gari langu, nami naendesha polepole nisije nikaziamsha. Mtanivumilia, huko tutafika.

Kwanza niwaambie habari za karatasi. Nilipoanza kazi nilikuwa na mkoba mweusi uliojaa vipeperushi hadi bega likapinda. Cha kunyonyesha, cha chakula cha wajawazito, cha nepi za bure, cha vitanda vya watoto, cha muuguzi anayetembelea nyumbani, cha doula, yaani yule mama wa kukushika mkono leba. Mteja wangu wa kwanza alikuwa Mkenya mwenzangu wa Plymouth, mhasibu, mtu wa kusoma. Nikampa vipeperushi kumi na saba nikaondoka nikijiona nimeokoa taifa. Baada ya mwezi nikarudi, nikavikuta vyote kumi na saba vimepangwa vizuri chini ya mguu mfupi wa sofa.

"Vimetusaidia sana, mama," akaniambia, na wala hakuwa akinitania.

Nilimsimulia Ruth. Ruth ndiye aliyenifundisha kazi, muuguzi mzee kutoka kaskazini ya jimbo hili, kule watu wanakokaa juu ya barafu kuvua samaki na kuita hiyo starehe. Alikuwa na koleo la theluji kwenye buti ya gari hata mwezi wa saba, katikati ya kiangazi cha huku. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akanipa somo ambalo sijawahi kupata lingine kulishinda: usimpe mtu namba ya simu, ipige wewe ukiwa umekaa naye, na usinyanyuke mpaka asikie sauti ya binadamu upande wa pili.

Ndiyo maana ninaijua miziki yote ya kusubirishwa kwenye simu katika miji hii miwili pacha. Kuna ofisi moja yenye filimbi ambayo mpaka leo nikiisikia natafuta kalamu. Siku moja mimi na mama mmoja wa Fridley tulisubiri ile filimbi tukamaliza kumenya viazi vyote, tukaona tusipoteze muda, tukakanda unga wa chapati. Mtu alipojibu, akatutaka tubonyeze moja. Mikono yote minne ilikuwa ndani ya unga. Simu ikakatwa tukiitazama.

Ninyi mna mambo ya kisasa. Mnamtumia mama kiunganishi kwa WhatsApp, naye anawarudishia picha ya kidole gumba, mnaandika kwenye faili kwamba amehudumiwa. Sikilizeni: kidole gumba si jibu. Nimeona vidole gumba kutoka kwa watu ambao hawajafungua kitu, na kimoja kutoka kwa mtoto wa miaka miwili aliyekuwa anachezea simu ya mamake. Mama mwenyewe alikuwa leba.

Sasa niwaeleze kosa langu kubwa kuliko yote, maana mtu huwafundisha watu vizuri zaidi pale alipoaibika.

Nabintu alitoka upande wa Bukavu, akakaa kambi ya wakimbizi miaka mingi kabla ya kuletwa hapa. Alikaa Fridley, ghorofa ya pili, na mumewe Mugisho aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha vipuri. Alikuwa na mimba ya wiki thelathini na tano, na presha yake ilikuwa imeanza kupanda. Mkunga wetu alitaka kumwona mara mbili kila wiki bila kukosa. Presha ya mimba mnaijua: leo unacheka, kesho kichwa kinauma na macho yanaona nyota, na mama na mtoto wote wawili wako hatarini. Nabintu aje kliniki, apimwe. Hilo ndilo lililokuwa la maana, na mimi ndiye niliyekabidhiwa kulihakikisha.

Nikaenda kumtembelea. Nyumba safi, chai ya tangawizi, lakini hapakuwa na hata soksi moja ya mtoto. Hakuna kitanda, nepi, wala kiti cha mtoto cha gari, na mnajua hospitali za huku hazitaki kuona mtoto akiondoka bila kiti chake.

"Vitu vya mtoto viko wapi, mama?" nikamwuliza.

Akatazama dirishani. "Bado, maman."

"Mtanunua lini?"

"Tutaona."

Mwenye akili angeuliza swali la tatu. Mimi nikajijibu mwenyewe. Nikasema, huyu hana uwezo na anaona aibu kuomba. Na kuwaombea wenye aibu ndiyo iliyokuwa kazi yangu, tena nikiifanya kwa mbwembwe. Katika siku nne nilikuwa nimepata kitanda, nepi za miezi miwili, kofia sita zilizofumwa na mabibi wa kanisa moja la Saint Paul, na kiti cha gari kipya kabisa. Kisha, Mungu anisamehe, nikampigia simu Mama Brian.

Mama Brian alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu la Wakenya. Huyo ukimwomba chai anakuletea harusi.

"Mama Kerubo, hiyo tuachie," akaniambia. "Tuta-organize surprise baby shower ya maana. Huyo dada atajua ako na watu. Keki mimi nime-order already."

"Already? Si nimekwambia sasa hivi?"

"Nilikuwa na-order ya mwingine, nikaongeza."

Binti yangu Kerubo alikuwa jikoni akisikiliza. Huyu Kiswahili anakielewa chote, ila kujibu anajibu kwa Kiingereza. "Mum," akasema, "did you even ask her?"

Nikamwambia kitu cha kushtukiza hakiulizwi, ndiyo maana kikaitwa cha kushtukiza. Akainua mabega akaendelea kula. Tumewalea wenyewe.

Jumamosi ya hiyo sherehe ya zawadi za mtoto ikafika. Chumba cha sherehe cha lile jengo la Fridley tulikijaza puto mpaka hatukuonana. Wanawake thelathini, wengi wao manesi waliotoka zamu moja kwa moja, wameficha sare chini ya vitenge. Na katikati ya meza, keki. Mama Brian alikuwa ameagiza keki yenye umbo la mtoto aliyelala, mzima, na vidole vyake, na mashavu mekundu kama nyanya. Juu yake imeandikwa "Karibu Baby". Mimi nilikuwa nimemwambia Nabintu ashuke kusaini karatasi fulani.

Mlango ukafunguliwa. Tukapiga vigelegele. Na katika vigelegele hivyo hivyo, Mama Brian, kisu mkononi, akauliza kwa ile sauti yake ya kuongoza pambio: "Haya, tuanze na kichwa ama miguu?"

Nabintu alitazama kisu. Akatazama keki. Akajishika tumbo kwa mikono miwili, akageuka, akapanda ngazi mbiombio, na mimba yake ile na presha yake ile. Tukasikia mlango wake ukifungwa juu yetu.

Puto moja likapasuka na wanawake wote thelathini wakaruka.

"Sasa hii keki?" akauliza mtu nyuma.

Niwaambie ukweli, tuliila. Watu walikuwa wametoka zamu.

Jumatatu Nabintu hakuja kliniki. Nikapiga simu, haikupokelewa. Alhamisi hakuja. Nikampata Mugisho kazini, kelele za mashine zikimzidi, akaniambia, "Maman, amekataa kutoka. Anasema nyie munamuitia kifo ya mtoto." Nikakaa kwenye kile kiti chenu kinacholalamika, nikaogopa. Wiki nzima bila kupimwa presha! Nilijiona nimemfukuza mgonjwa mlangoni mwa hospitali kwa kumtupia puto.

Nikampigia Ruth, aliyekuwa amestaafu siku nyingi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Ulimuuliza?"

Huyo sasa alikuwa wa pili kuniuliza, baada ya Kerubo.

Usingizi uligoma, nikawa namfikiria bibi yangu kule Kisii, na hapo ndipo nikajipiga paji la uso kwa kiganja. Bibi yangu! Yule aliyemkataza mama yangu hata kushona kitambaa kabla mimba haijawa mtoto, eti usiitangaze safari ya mgeni ambaye hajafika. Mimi mwenyewe siku niliyozaliwa sikuwa na nguo, nilifungwa kwenye koti la babu lenye harufu ya tumbaku. Hadithi hiyo nimeisimulia mara mia nikicheka. Miaka thelathini ya Amerika ilikuwa imenisahaulisha kwamba ilikuwa na maana. Mwacha mila ni mtumwa, walisema wazee, na mimi nilikuwa mtumwa mwenye puto mkononi.

Asubuhi nikaenda Fridley. Kwa mara ya kwanza katika kazi ile niliuacha mkoba mweusi nyumbani. Lakini mkono mtupu haulambwi, nikapitia duka la Waafrika nikachukua pakiti mbili za unga, za kilo mbili mbili. Nikabisha.

"Ni nani?"

"Ni mimi, Mama Kerubo."

"Uko na puto?"

"Sina."

"Keki?"

"Sina keki. Nina unga wa ugali. Na nimekuja kuomba msamaha."

Mlango ukafunguka kidogo, jicho moja likautazama ule unga kwanza, mimi baadaye. Nikaingia. Nikasema kosa langu lote kama nilivyowaeleza ninyi, pamoja na koti la babu. Akanisikiliza, mikono juu ya tumbo. Nilipomaliza, akaanza yeye.

"Maman, kwetu habanunuaka bintu ya mtoto mbele azaliwe. Lakini miye kule kambini nilisema hizo ni maneno ya bazee. Nilikuwa na mimba ya kwanza. Nikanunua nguo, kidogo kidogo, nikafunga ndani ya kitambaa, nzuri. Nilienda ku hôpital na ile mzigo. Nikarudi na ile mzigo." Akakunja pindo la kitenge chake. "Njo pale nikaona ile keki, na ule mama na kisu."

Nililia. Yeye hakulia, alinimiminia chai. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nilikuwa nimekuja kumtandikia shuka.

Hapo ndipo nilipouliza swali ambalo ningepaswa kuliuliza tangu mwanzo. "Unataka tufanye nini?"

"Bile bintu yote vitoke kwa hii nyumba."

"Tulivitoa siku ile ile, viko gereji kwangu, Richfield. Vitakaa huko."

"Mpaka alie."

"Mpaka alie. Na kliniki?"

"Nitakuya. Miye sikatae docteur. Nilikataa keki."

Tukabaki na jambo moja gumu, kiti cha gari. Nikamweleza kwamba hicho hakiwezi kusubiri, lazima kifungwe mapema, kikaguliwe, na Mugisho ajifunze mikanda. Akatikisa kichwa. Kiti cha mtoto ambaye hajafika, hapana.

"Ile kiti iko ya nani sasa?" akauliza.

"Ni yako."

"Non. Iko yako weye."

"Mimi nina miaka sitini na miwili, nitaingiaje humo?" Akacheka kwa mara ya kwanza. Macho yake yakatua mezani, kwenye zile pakiti mbili. Akazitazama kwa muda, akazisukuma kwangu.

"Weka unga," akasema. "Kiti ikuwe ya unga. Mtoto akikuya, ataomba."

Basi ndivyo unga ulivyopata kiti. Nikazifunga pakiti pamoja kwa leso, kilo nne, mtoto wa afya njema kabisa. Mugisho nikampeleka kituo cha zima moto ambako hufundisha mambo ya viti. Alikuwa ameuvalisha unga koti la theluji, mtu makini sana yule. Askari wa zima moto aliyetupokea alilifungua lile koti pole pole, akaukuta unga, akatutazama. Tukamweleza. Akafikiri kidogo, kisha akaendelea na kazi kana kwamba unga huletwa kwake kila siku: koti nene ni hatari, mkanda unalibana koti badala ya kumbana mtoto, kwa hiyo funga kwanza ndipo umfunike blanketi juu. Kifungo cha kifuani kiwe usawa wa kwapa. Unga hauna kwapa, lakini Mugisho alilitafuta mpaka akalipata. Haya muyaandike, baridi ya huku si ya kuchezea.

Siku kumi niliendesha na unga nyuma. Siku ya sita polisi akanisimamisha, karibu na kwangu, taa moja ya nyuma ilikuwa imekufa. Akaja dirishani na sauti yake kubwa, akamulika nyuma, akaona kiti, blanketi, na uvimbe mdogo umetulia chini yake. Sauti ikashuka papo hapo.

"Leseni, tafadhali," akanong'ona.

Nami nikanong'ona, "Hii hapa."

Tukanong'onezana habari za taa, za bima, za barabara ilivyo na utelezi. Aliporudisha leseni akatabasamu na kusema mjukuu ni mtulivu sana. Nikamwambia hajawahi kunisumbua. Sikusema uongo, wasichana wangu. Akaufunga mlango wa gari lake taratibu mno, na mimi nikaondoka nikiwa nimemshika Bwana Yesu kwa mikono miwili nisicheke kabla ya kona.

Nabintu alikuja kliniki kama alivyoahidi, mara mbili kila wiki bila kukosa. Mara ya tatu nilikuwa nimekaa pembeni mwake wakati mkunga anampima. Akapima, akapima tena mkono wa pili. Kichwa kilikuwa kimeanza kumuuma asubuhi ile, Nabintu akasema, alidhani ni usingizi. Hakurudi Fridley. Tulikwenda hospitali moja kwa moja, na madaktari wakaamua aanzishiwe uchungu siku hiyo hiyo.

Mkunga aliniambia baadaye kwenye korido kwamba tusingeweza kungoja siku nyingine. Mimi nilikuwa nahesabu wiki ile ya puto. Nilisali kwa Kiswahili, nikasali kwa Kikisii, na kwa Kiingereza pia, nisimwache Mungu na kisingizio. Nabintu hakutaka zawadi wala picha mle ndani, alitaka mkono tu, na nilimpa wangu wa kushoto, ambao kidole chake cha mwisho hakijanyooka sawasawa mpaka leo.

Mchana uliofuata alitoka msichana. Alinyamaza kwa muda ambao nesi alisema ni mfupi. Kisha akalia, na kilio kile kilikuwa na hasira kamili.

Nabintu akageuza kichwa kwenye mto. "Maman," akasema, "sasa leta bintu yote."

Sijawahi kuendesha gari vile, na taa bado ilikuwa mbovu. Kitanda, nepi, kofia sita, vyote vilikuwa Fridley kabla ya jioni. Siku ya kuruhusiwa, nesi aliteremka nasi mpaka mlangoni kukikagua kiti. Mugisho akafungua mlango wa nyuma, akainama, akafungua kifungo usawa wa kwapa. Akautoa unga kwa mikono miwili na kunikabidhi. "Pole, maman," akaniambia. "Mwenye kiti amefika." Nesi yule alinitazama nikiwa nimebeba unga ndani ya leso huku machozi yananitiririka, na sikupata nguvu za kumweleza.

Tulifika Fridley saa ya chakula. Nikaingia jikoni, nikafungua zile pakiti, nikasonga ugali. Mama Brian alikuwa ameleta samaki, akawaacha mlangoni bila kuingia, maana tangu Jumamosi ile alikuwa akiiogopa ile nyumba. Nabintu alikula kama mtu aliyetoka shamba, mtoto amelala mapajani mwake amevaa kofia moja juu ya nyingine.

"Ile keki," akasema, "mulikula?"

Nikashusha macho. "Tuliila."

"Yote?"

"Hata miguu."

Akacheka mpaka mtoto akashtuka. Akampapasa mgongo, akamtazama muda mrefu, usingizini, akipumua.

"Basi mulete ingine," akasema. "Anaitwa Riziki. Mara hii muandike jina."

Nikatoka kwenye korido nikampigia Mama Brian. Hakuamini. Nilipoapa, alipiga vigelegele nikaiondoa simu sikioni, kisha akaanza mambo yake: keki ya ngazi ngapi, rangi gani, watu wangapi, maputo yawepo ama yasiwepo.

"Ngoja kwanza," nikamwambia, nikishika kitasa cha mlango, "nimuulize mwenyewe."